Karo ya Vyuo: Haki ya Raia au Hisani ya Mkubwa?

(Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana wa Kibera na Kawangware. Tunaichapisha kwa ombi la wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Tumeitwa hapa kujibu swali moja: je, ni wajibu wa serikali kulipia elimu ya vyuo? Mtuwie radhi ikiwa hatutalijibu kwa neno moja. Wako wanaolijibu kwa haraka kutoka pande zote mbili, na hatuoni kwamba haraka yao imewafaa watu wa mitaa hii. Mmoja husema kwamba hazina ni tupu na kila mtu abebe mzigo wake. Mwingine hupiga kelele kwamba elimu yote iwe bure, kisha hushuka jukwaani na kuingia garini bila kutueleza fedha zitatoka wapi. Sisi tunasema kwamba serikali ilipe. Lakini tunasema pia ilipe kwa utaratibu gani na kwa sharti gani, maana serikali imekwisha kuahidi kulipa mara nyingi, nasi tumeona ahadi hizo zilivyoishia.

Tuanze na historia, kwa sababu vijana wengi hapa wamekua wakiamini kwamba karo ya chuo kikuu imekuwako siku zote, kama jua na mvua. Sivyo. Nchi ilipojipatia uhuru mwaka 1963, na kwa miaka kadhaa iliyofuata, mwanafunzi aliyefaulu kuingia chuo kikuu alilipiwa na umma masomo, malazi na chakula, na juu yake akapewa posho. Naye alitakiwa kuitumikia nchi katika kazi za umma kwa muda usiopungua miaka 3. Yalikuwa ni mapatano baina ya taifa na watoto wake. Taifa lilihitaji madaktari, wahandisi na walimu wa kushika nafasi zilizoachwa na wakoloni, na mzazi maskini alijua kwamba mtoto wake akipita mtihani, umaskini wa nyumbani hautamzuia. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mikopo ya kugharimia maisha ya mwanafunzi chuoni, lakini masomo yenyewe yakaendelea kulipiwa na umma. Mikopo ile haikurudishwa ipasavyo, kwa kuwa hapakuwa na chombo madhubuti cha kuidai. Hilo ni kosa la kiserikali ambalo baadaye lilitumiwa kuwalaumu wanafunzi.

Kisha ikaja miaka ya 1980, miaka ya madeni na ya masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Jopo lililoongozwa na Kamunge likatoa ripoti yake mwaka 1988, na Waraka wa Bunge Nambari 6 wa mwaka huo huo ukaidhinisha kile kilichoitwa ugawanaji gharama. Mwaka 1990 vyuo vikapokea makundi mawili kwa mpigo, la mwisho la kidato cha sita na la kwanza la mfumo wa 8-4-4, vitanda vikawa haba na vyumba vya mihadhara vikafurika. Mwaka 1991 serikali ikatangaza kwamba kila mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma atalipa shilingi 6,000 kwa mwaka. Wanafunzi wakapinga, na vyuo vikafungwa.

Tunaomba mzingatie mwaka ule. Ndio mwaka ambao mwezi Desemba Kifungu 2A cha katiba ya zamani kilifutwa na vyama vingi vikaruhusiwa tena. Maana yake ni kwamba uamuzi wa kuwatoza wanafunzi ulifanywa wakati Bunge lilikuwa la chama kimoja, Bunge lililopatikana kwa kura ya mlolongo ya mwaka 1988, ambapo aliyekuwa na mlolongo mfupi aliweza kutangazwa mshindi mchana kweupe. Wazazi wa Kibera na Kawangware hawakuulizwa. Walioamua walikuwa wengi wao watu waliosomeshwa na umma bila kulipa karo, Makerere, Nairobi na ng'ambo. Wakapanda ngazi, kisha wakaivuta juu. Hata Rais William Ruto, ambaye utawala wake ulileta mfumo wa makundi ambao tutauzungumzia hivi punde, alihitimu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1990, mwaka mmoja kabla ya karo ile kutangazwa. Hatusemi hivi kwa chuki. Tunasema ili ijulikane kwamba mtoto wa mtu wa kawaida aliwahi kufika mbali kwa gharama ya umma, na nchi haikuanguka kwa sababu hiyo.

Mwaka 1995 hesabu ikawekwa wazi zaidi. Gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja ilikadiriwa kuwa shilingi 120,000 kwa mwaka. Serikali ikasema itatoa 70,000, na mwanafunzi atafute 50,000 zilizobaki kwa mkopo, kwa msaada na kwa mfuko wa nyumbani. Sheria ya mwaka huo ikaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Karo ya masomo ikawekwa shilingi 16,000, na ikakaa papo hapo kwa zaidi ya miaka 25, huku bei ya kila kitu kingine ikipanda. Vyuo vilivyonyimwa fedha vikatafuta riziki kwingine. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua masomo ya sambamba kwa wale wanaojilipia wenyewe. Hapo ndipo dhuluma ikawa ya kuonekana kwa macho. Kijana wa Laini Saba aliyepata alama ya B na kukosa nafasi ya serikali, kwa kuwa vitanda vilikuwa vichache, aliachwa nyumbani. Mwenzake aliyepata C+ na mwenye baba wa kulipa aliingia darasani na kuketi mbele ya mhadhiri yule yule.

Sasa tuije hoja iliyo nzito kuliko zote dhidi yetu. Haitoki kwa adui bali kwa rafiki zetu, watu waliokuwa nasi katika mapambano ya mageuzi. Wao husema hivi: serikali ikilipia chuo kikuu kwa wote, anayefaidika ni nani? Watoto wa Lavington ndio wengi chuoni, na watoto wa Kawangware ni wachache. Mama anayevuka barabara alfajiri kwenda kufua nguo Lavington hulipa ushuru wa asilimia 16 kila anaponunua sabuni. Ushuru huo ukigharimia masomo ya udaktari ya mtoto wa yule anayemfulia, je, si maskini anayemsomeshea tajiri?

Hoja hii haifai kupuuzwa. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023 walikuwako watahiniwa wapatao 900,000, na waliopata C+ au zaidi, yaani alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 201,133. Zaidi ya watatu katika kila wanne walibaki nje ya mlango. Na ninyi mnajua zaidi kuliko sisi ni watoto wa mitaa ipi wanaobaki nje. Mtoto wa Gatwekera huenda alianzia shule ya mabati ambayo haina mwalimu hata mmoja aliyeajiriwa na serikali. Mtafiti James Tooley alipohesabu shule za Kibera mwanzoni mwa miaka ya 2000, alikuta shule za binafsi zaidi ya 70 ndani ya mtaa, ilhali shule za msingi za serikali zilikuwa chache tu pembezoni. Yeye alizitumia hesabu hizo kusifu biashara ya elimu. Sisi tunazisoma vingine: serikali ilikuwa imejiondoa, na wazazi maskini wakalazimika kujijengea wenyewe kile ambacho mwenye gari analetewa mlangoni. Na hata baada ya elimu ya msingi kutangazwa kuwa bila malipo mwaka 2003, shule kama Olympic ziliposongamana wanafunzi kupita kiasi, mabati yale hayakuondoka.

Kwa hiyo rafiki zetu wako sahihi kwamba mlango wa chuo kikuu hauwezi kuwa wa haki ikiwa njia ya kuufikia imejaa mashimo. Lakini wanakosea katika dawa wanayoitoa. Dawa yao ni kuwapanga watu mlangoni: huyu ni maskini, alipiwe, huyu ana uwezo kidogo, akopeshwe, huyu ni tajiri, ajilipie. Kwenye karatasi mpango huu unapendeza sana. Tatizo ni kwamba umekwisha kujaribiwa, na waliojaribiwa ni ninyi.

Mwezi Mei 2023 serikali ilitangaza mfumo mpya wa kugharimia vyuo vikuu. Badala ya kukipa chuo fedha kwa kila mwanafunzi, ilisema itampa kila mwanafunzi ufadhili na mkopo kulingana na uhitaji wa nyumbani kwao. Mwaka 2024 wanafunzi walipangwa katika makundi 5. Kundi la kwanza lilikuwa la jamaa ambazo mapato yao ya mwezi hayazidi shilingi 5,995. Hao walipewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na nyumbani walipe asilimia 5. Kundi la pili liliishia mapato ya 23,670, na nyumbani walipe asilimia 10. La tatu liliishia 70,000, na nyumbani walipe asilimia 20. Hivyo hivyo hadi kundi la tano, ambalo mzazi hulipa asilimia 40.

Tufanye hesabu pamoja, polepole. Chukueni mfano wa jamaa ya Lindi. Baba ni kibarua wa mjengo, na akipata siku 22 za kazi katika mwezi kwa shilingi 700, analeta nyumbani 15,400. Mama anafua nguo siku 20 kwa shilingi 500, analeta 10,000. Jumla ni 25,400. Kwa kipimo cha mapato peke yake, jamaa hii imeruka kundi la pili na kuangukia la tatu, pamoja na yule anayepokea 69,000 kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Sasa tuseme mtoto wao amepangiwa kozi inayogharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Asilimia 20 ni shilingi 40,000, ambazo zinapaswa kutoka mfukoni. Mkopo wa asilimia 30 ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Baada ya miaka 4 jamaa itakuwa imelipa 160,000, na mtoto atatoka chuoni na deni la 240,000, kabla ya riba, na kabla ya kuhesabu kodi ya chumba, chakula na vitabu. Chini ya karo ya zamani ya 16,000, masomo yale yale yangaliwagharimu 64,000 kwa miaka yote 4. Na hii ni jamaa ambayo hapa mtaani tunaihesabu kuwa imebahatika, kwa sababu wazazi wote wawili wana kazi.

Halafu kuna suala la karatasi. Mfumo wa kupima uhitaji hutaka ushahidi, na ushahidi hupenda watu walioajiriwa. Anayelipwa kwa hundi ana cha kuonyesha. Mama wa Gatina ana nini? Analipwa mkononi, anapanga chumba bila mkataba, na jina lake haliko katika daftari lolote isipokuwa la kura na la muuza maji. Mtoto wake aliyesoma shule ya mabati anaweza kuonekana katika rekodi kuwa alisoma "shule ya binafsi", kana kwamba ni ndugu wa yule aliyesoma kwenye akademia yenye bwawa la kuogelea. Nao ndugu zetu Wanubi wa Makina, ambao mababu zao walikaa hapa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wanaijua vizuri adha ya kuzungushwa kwa ajili ya kitambulisho. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi katika jambo hilo la uraia. Fomu inayoanza kwa kuuliza nambari ya kitambulisho cha mzazi haianzi mahali pamoja kwa watoto wote.

Mfumo huo ulipelekwa mahakamani. Tarehe 20 Desemba 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alitamka kwamba ni wa kibaguzi na unakiuka katiba. Mwezi Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo, rufaa ikisubiri kusikizwa. Katikati ya vuta nikuvute hiyo walikuwako wanafunzi waliokwisha kuripoti chuoni bila kujua wanadaiwa kiasi gani. Mawakili hula kiapo na kurudi nyumbani kulala. Mwanafunzi hulala akifikiria mtihani atakaozuiwa kuufanya.

Tunasema basi kwamba tajiri alipe, ndiyo, lakini mahali pake pa kulipa ni kwenye kodi ya mapato yake, si kwenye lango la chuo. Kodi ndiyo njia iliyobuniwa na mataifa ya kumtoza mwenye nacho zaidi ya asiyenacho. Tukianza kumpima kila mtu upya katika kila mlango, mlango wa hospitali, mlango wa shule, mlango wa chuo, tutakuwa tumejenga nchi ambamo maskini hutumia nusu ya maisha yake akithibitisha umaskini wake. Ni fedheha, ndugu zetu. Pia ni hasara, kwa kuwa kupima huko kuna ofisi zake, mitambo yake na magari yake.

Na hapa ndipo suala la karo linapogusa mageuzi yenyewe tuliyoyapigania. Tazameni nani aliyejaza pengo baada ya serikali kujiondoa. Kwanza ilikuwa harambee, ambapo mwanasiasa alifika na bahasha, akaitangaza kwa kipaza sauti, nasi tukapiga makofi. Kisha mwaka 2003 ukaanzishwa mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, na humo ndani mna fungu la basari. Baadaye na serikali za kaunti zikaja na basari zao. Hatukatai kwamba fedha hizo zimewaokoa wengi. Wako waliomo humu ambao wasingemaliza masomo bila hizo. Lakini ni fedha za nani? Ni za umma. Kwa nini basi mama apange foleni katika ofisi ya mbunge akiwa amebeba barua ya chifu, kisha apigwe picha na hundi, na uchaguzi ukija aambiwe, "Nilikusomeshea"? Mtu huyo hakumsomeshea yeyote. Amechukua kodi ya mama huyo na kumrudishia kidogo kidogo kama hisani. Raia anayedai haki yake huweza kumwondoa mbunge mbaya. Raia anayeomba fadhila huogopa kumwondoa, asije akaikosa basari ya muhula ujao. Tulifuta Kifungu 2A, tukapata vyama vingi, mwaka 2010 tukapata katiba mpya inayosema katika Kifungu 43 kwamba kila mtu ana haki ya kupata elimu. Lakini maadamu karo imo mkononi mwa mkubwa, kura ya mzazi bado iko mfukoni mwake.

Je, mkopo si dawa? Mkopo ni bora kuliko basari katika jambo moja: haukufanyi umpigie mtu magoti. Lakini mkopo wetu umetengenezwa vibaya. Mwanafunzi anatakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, awe amepata kazi au hakupata. Riba ya asilimia 4 si kubwa. Kinachoumiza ni faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi kwa anayechelewa. Kijana aliyehitimu, anayeuza mitumba Toi akisubiri kazi, anaona deni linapanda kama maji ya mto wa Nairobi wakati wa masika. Na kwa miaka mingi waliotafuta kazi serikalini walitakiwa kuonyesha cheti cha Bodi ya Mikopo kwamba hawadaiwi au wamekubaliana namna ya kulipa. Australia ilianza mwaka 1989 utaratibu tofauti: mtu halipi chochote mpaka mshahara wake ufikie kiwango fulani, na akikosa kazi malipo husimama yenyewe. Mkopo wa namna hiyo tungeukubali kwa ajili ya chakula na malazi. Masomo yenyewe yalipiwe na umma.

Afrika Kusini nayo ina la kutufunza. Mwaka 2015 wanafunzi wa huko waliandamana nchi nzima kupinga ongezeko la karo, na tarehe 16 Desemba 2017 Rais Jacob Zuma akatangaza kwamba watoto wa jamaa zenye mapato yasiyozidi randi 350,000 kwa mwaka watasomeshwa bila malipo. Ni kipimo pia, na sisi hatuvipendi vipimo. Lakini angalieni kiwango chenyewe kilivyowekwa juu, kikawakumba watu wa tabaka la kazi pamoja na mafukara. Chetu kilianzia 5,995 kwa mwezi, fedha ambazo jamaa ya watu watano haiwezi kununulia chakula na kulipia chumba hapa Kibera.

Tutaulizwa: fedha zitoke wapi? Ni swali la haki, nasi hatutalikimbia kama yule wa jukwaani. Hatudai kwamba kuna gunia limefichwa mahali. Vyuo vikuu vya umma vimezama katika madeni yanayozidi shilingi bilioni 60, na mwaka 2025 wahadhiri waligoma kwa siku 49 wakidai malimbikizo ya shilingi bilioni 7.9 yaliyotokana na mapatano ambayo serikali yenyewe iliyatia sahihi. Serikali ikitangaza leo kwamba elimu ya chuo ni bure, kisha isilete fedha, mwanafunzi ataketi bure katika darasa lisilo na mwalimu. Hilo ndilo sharti letu: kulipa maana yake ni kupeleka fedha, kwa wakati, kwa kiasi cha gharama ya kweli, na hesabu zichapishwe ili kila mlipakodi azione. Nchi iliyopitia Goldenberg katika miaka ya 1990, kisha Anglo Leasing, kisha wizi katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, haiwezi kumwambia mama wa Kawangware kwamba fedha zilikosekana. Zilikuwako. Zilipita njia nyingine.

Hata hivyo, fedha zikiwa chache, lazima tuchague, nasi tunataka kusema waziwazi tungechagua nini, ingawa baadhi ya wasomi wetu hawatapenda. Tungeanza chini. Tungewapa walimu wa serikali watoto walio katika shule za mabati, na tungezihesabu shule hizo kuwa za umma, kwa sababu watoto waliomo ni wa umma. Kisha tungevilipia vyuo vya ufundi kikamilifu kabla ya kujenga chuo kikuu kingine hata kimoja. Zaidi ya watatu katika kila wanne wasiofika C+ hawakuumbwa ili wawe vibarua. Kutoka Kawangware mtu aweza kwenda kwa miguu hadi Chuo cha Taifa cha Ufundi cha Kabete, ambacho kilianzishwa mwaka 1924, na Riruta kuna Chuo cha Ufundi cha PC Kinyanjui. Serikali ilipoanza kuwachangia wanafunzi wa vyuo hivi mwaka 2018, karo ilikuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, ikatoa 30,000, na mzazi akabaki na 26,420. Mfumo wa mwaka 2023 ulipoingia, gharama ikapandishwa hadi 67,189, nayo ikaingizwa katika mchanganyiko ule ule wa ufadhili, mkopo na mfuko wa nyumbani. Yaani kijana anayejifunza kuunga nyaya za umeme au kuchomelea vyuma anaanza maisha akiwa mdaiwa, wakati nchi nzima inalia kwamba haina mafundi. Hili halihitaji tume kulichunguza. Kwa kuanzia, serikali ifute ile sehemu ya mzazi na ya mkopo katika karo ya vyuo vya ufundi, mwaka mmoja wa bajeti, halafu tuhesabu wameingia wangapi kutoka Silanga na Gatina.

Vijana wengine wametuuliza kama tunaona ubaya wowote kwa mtu kuchangia elimu yake. Hatuoni ubaya. Mwaka 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege ya kwanza kwenda Marekani katika mpango wa Tom Mboya, na vijijini watu walikuwa wameuza ng'ombe na kuku kuwasaidia. Hakuna aliyelazimishwa. Lakini wakati ule tulikuwa chini ya mkoloni ambaye hakutaka tusome. Sasa serikali ni yetu, tunailipa kodi kila siku, na bado tunauza kuku.

Tumalize kwa lililo mbele yetu. Kifungu 118 cha katiba kinalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika kazi zake, na Kifungu 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Tunaandaa ombi hilo, na hatutaki liwe la maneno matupu. Tunawaomba wazazi wenye watoto vyuoni, vikuu na vya ufundi, walete nakala za barua za karo na za kupangiwa makundi. Futeni majina ya watoto kwanza. Acheni jina la kozi, kiasi kinachodaiwa, kundi mlilowekwa, na pembeni mwandike kwa mkono wenu mapato ya nyumbani kwa mwezi. Wasiojua kuandika wataandikiwa na vijana walioketi pale mezani. Wa Kibera walete kabla ya mwisho wa mwezi, na wa Kawangware vivyo hivyo. Zote tutazifunga pamoja na kuzipeleka Bungeni wenyewe kwa mikono yetu, na nakala moja itabaki hapa.